Dawa za Old School RuneScape: ununue majani, uyalime mwenyewe, au uende Aldarin?

Mdogo wangu alinipigia simu akiwa na sarafu milioni 4 ndani ya gemu ya mtandaoni ya Old School RuneScape na swali moja: "Kaka, nikiingia kwenye dawa nitapata faida au nitafilisika?" Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza Druidic Ritual, ile kazi ya mzee Kaqemeex wa Taverley inayofungua Herblore, ustadi wa kutengeneza dawa, na kukupa XP (alama za uzoefu) 250, yaani leveli ya 3 moja kwa moja. Nilimjibu kwamba yote mawili yanawezekana, na kwamba kitakachoamua ni mahali atakapoyatoa majani. Tukaongea karibu saa nzima.

Njia za kweli ziko nne. Unaweza kununua kila kitu sokoni na kuchanganya. Unaweza kufanya kazi za mwanzo tu, kusafisha majani na kuyatia kwenye chupa za maji, ukawauzia wanaochanganya. Unaweza kulima. Au unaweza kwenda kisiwa cha Aldarin kwenye mchezo wa Mastering Mixology. Iko na ya tano, ya kugawanya dozi, ambayo haihitaji ustadi wowote, nitaifikia.

Kwa nini chupa huuzwa chini ya gharama yake

Muuza maandazi akinunua unga, sukari na mafuta, hutarajia andazi liuzwe kwa bei inayozidi vilivyomo ndani yake. Kwenye Herblore mambo huwa kinyume mara nyingi, na asiyelijua hili hupoteza mtaji siku ya kwanza. Maelfu ya wachezaji wanaochanganya dawa hawana shida na chupa. Wanachotaka ni XP, alama za uzoefu zinazopandisha leveli. Wako tayari kununua jani kwa bei ya juu na kuitupa chupa sokoni kwa bei ya chini, mradi leveli ipande. Kwa hiyo XP yenyewe ni bidhaa yenye bei, na bei hiyo ni ile hasara unayoipata kila chupa.

Kutoka hapo kanuni ni rahisi: kazi inayotoa XP nyingi kwa haraka hulipiwa na mfanyaji; kazi isiyotoa XP, au inayochosha, humlipa mfanyaji. Ukilishika hilo, njia zote nne zinajieleza.

Hesabu hufanyika hivi. Chukua bei ya chupa isiyokamilika (maji na jani), ongeza bei ya kiungo cha pili, kisha toa unachopata ukiuza chupa ya dozi tatu. Usisahau ushuru wa Grand Exchange, soko kuu la gemu. Ulianza Desemba 2021 ukiwa asilimia 1, na tangu Mei 2025 ni asilimia 2. Tuseme kwa mfano chupa isiyokamilika ya jani la ranarr ni sarafu 6,500, kiungo chake cha pili, snape grass, ni 500, na dawa inayotoka, Prayer potion, inauzwa 6,800. Ushuru utachukua 136, utabaki na 6,664, hivyo umepoteza 336 na kupata XP 87.5. Kila XP imekugharimu kama sarafu 3.8. Bei hizi ni za mfano tu, zako utazisoma sokoni siku hiyo, lakini tabia ni hiyo hiyo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na Herblore ndipo wachezaji wengi wanapopotelewa mamilioni bila kujua yalikwenda wapi.

Kununua na kuchanganya

Hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote. Chupa moja hukamilika kwa sekunde 1.2. Mkoba una nafasi 28, kwa hiyo unaingia na chupa 14 na viungo 14, unabofya mara moja, na baada ya sekunde 17 hivi unarudi benki. Mchezaji anayeangalia skrini hufikisha chupa zipatazo 2,500 kwa saa. Dawa ambazo wengi huzipitia ni hizi:

| Dawa | Leveli | Jani na kiungo | XP kwa chupa | XP kwa saa |
|---|---|---|---|---|
| Prayer potion | 38 | ranarr, snape grass | 87.5 | 218,750 |
| Super strength | 55 | kwuarm, limpwurt root | 125 | 312,500 |
| Super restore | 63 | snapdragon, red spiders' eggs | 142.5 | 356,250 |
| Ranging potion | 72 | dwarf weed, wine of zamorak | 162.5 | 406,250 |
| Saradomin brew | 81 | toadflax, crushed nest | 180 | 450,000 |

Safu ya mwisho humtia mtu tamaa, lakini mimi huiangalia baada ya kukokotoa bei ya XP moja. Saradomin brew ikikugharimu mara mbili ya Super restore kwa kila XP, kasi yake haina maana kwa mtu mwenye milioni 4. Leveli ya 99 ni XP 13,034,431. Kutoka leveli ya 81 hadi hapo kwa Saradomin brew peke yake ni chupa 60,232, saa 24 hivi za kuchanganya. Hasara ya sarafu 500 kwa chupa ingekuwa zaidi ya milioni 30. Mwenye mtaji huo na asiye na muda, hii ndiyo njia yake, wala sioni sababu ya kumlaumu.

Kuna jambo moja linaloipendelea njia hii kwa sisi wa huku. Mimi hucheza kwa simu, Tanga, na mtandao wa jioni haueleweki. Gemu huenda kwa mapigo ya sekunde 0.6, na kazi inayotaka vidole vyepesi huharibika mtandao ukikwama. Kuchanganya dawa hakuharibiki. Ukibofya, chupa 14 hujitengeneza zenyewe, na mtandao ukisita kidogo unachopoteza ni sekunde kadhaa. Tangu toleo la simu litoke Oktoba 2018, sijaona ustadi unaomvumilia mwenye bando dogo kama huu.

Ukichagua njia hii, vaa Amulet of chemistry. Inakupa nafasi ya asilimia 5 ya kupata chupa ya dozi nne badala ya tatu, na baada ya kufanikiwa mara tano huvunjika. Hesabu yake basi ni nyepesi: amuleti moja ni sawa na dozi tano za ziada. Kwa bei za mfano wetu, dozi moja ya Prayer potion ni kama sarafu 2,260, hivyo amuleti moja inarudisha zaidi ya 11,000. Linganisha na bei ya amuleti yenyewe sokoni. Kwa dawa za bei ya chini haifai kitu; kwa Prayer potion na zilizo juu yake, kuchanganya bila kuivaa ni kutupa fedha. Kutoka leveli ya 38 hadi ya 63 unahitaji Prayer potion 3,865. Hasara ya 336 kwa kila moja ni karibu milioni 1.3. Dozi za ziada 193 zingerudisha kama 430,000 kabla ya kuondoa gharama ya amuleti. Hiyo ni theluthi ya gharama yote, na umevaa kitu shingoni tu.

Kabla ya leveli ya 38

Hapa mdogo wangu alitaka kununua chupa za guam, jani la Attack potion, kwa maelfu. Nilimkataza. Attack potion inatoa XP 25, na hakuna sababu ya kuteseka nayo wakati kazi za hadithi zinakuvusha. Baada ya Druidic Ritual, fanya Jungle Potion (XP 775), kisha Recruitment Drive (1,000). Hapo una 2,025, leveli ya 13, na The Dig Site inataka leveli ya 10. Inakupa 2,000 nyingine. Shades of Mort'ton inataka leveli ya 15, wakati huo uko ya 19, nayo inatoa 2,000. Sasa uko leveli ya 22 na hujanunua majani kwa ajili ya leveli hata kidogo.

Leveli ya 22 ndipo Restore potion inapofunguka: harralander na red spiders' eggs, XP 62.5. Chupa 141 zinakufikisha leveli ya 31, ambayo ni sharti la Eadgar's Ruse. Kazi hiyo ni ndefu na ina masharti mengine, lakini inatoa XP 11,000 kwa mkupuo na kukuacha leveli ya 36. Combat potion 55 zinamalizia njia hadi 38. Jumla ni chupa 196 tu. Asiyependa hadithi za gemu atalipa tofauti kwa sarafu, na si kosa, ila mwenye milioni 4 anazihitaji zaidi mbele ya safari.

Kusafisha na kutia maji

Njia ya pili ni ya mtu anayetaka sarafu na hana haraka na leveli. Majani huokotwa yakiwa machafu. Kuyasafisha hutoa XP kidogo sana: ranarr 7.5, snapdragon 11.8, torstol 15. Kuyatia kwenye chupa ya maji hakutoi XP kabisa. Na kwa sababu hiyo hiyo wachanganyaji wanaokimbilia leveli hawataki kuigusa kazi hii. Wanalipa ziada kidogo ili wapate chupa iliyo tayari.

Ziada hiyo ni ndogo kwa kila chupa na ina dari. Kule Nardah yupo Zahur, anayefanya kazi hiyo kwa sarafu 200 kwa chupa, kwa hiyo soko haliwezi kukulipa zaidi ya hapo kwa muda mrefu; watu watampelekea yeye. Faida yako ni wingi. Unahitaji mtaji wa kuzungusha, kwa sababu majani elfu moja ya ranarr ni mamilioni, na Grand Exchange ina kikomo cha kununua kila baada ya saa nne. Usiweke mtaji wote kwenye jani moja. Bei ikishuka huku chupa zako hazijauzwa, faida ya siku tatu inakwenda kwa usiku mmoja. Hilo limenipata na dwarf weed, sitaki kukumbuka, kwa hiyo sasa sinunui jani moja kwa zaidi ya robo ya nilichonacho.

Kugawanya dozi ni ndugu wa njia hii. Wachanganyaji wanatoa chupa za dozi tatu, ilhali wanaokwenda vitani wanataka za dozi nne ili zisijaze mkoba. Bob Barter, aliyesimama pale pale Grand Exchange, anakugawia bure: chupa nne za dozi tatu zinakuwa tatu za dozi nne. Gawanya bei ya kila chupa kwa dozi zake, uondoe ushuru wa asilimia 2, na kama bado kuna tofauti, nunua upande wa rahisi uuze upande wa ghali. Haihitaji leveli yoyote.

Shamba

Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Ranarr hupandwa ukiwa na leveli ya 32 ya Farming, toadflax 38, snapdragon 62, torstol 85. Mbegu hukua kwa dakika 80, uwe ndani ya gemu au umezima simu. Unazunguka mashamba ya Falador, Catherby, Ardougne, lile la karibu na Port Phasmatys, Hosidius na mengine kadri unavyoyafungua, unavuna, unatia mbolea, unapanda, unaondoka. Mzunguko ni dakika chache, kisha una zaidi ya saa nzima ya kufanya mambo yako. Kwa mtu mwenye kazi, familia na bando la kuhesabu, sijui mpango wa haki kuliko huu.

Kinyume na mboga na miti, hakuna mkulima wa kumlipa akulindie majani yasipate ugonjwa. Kinga yako ni mbolea. Tumia ultracompost kila shimo. Inapunguza ugonjwa na pia inahakikisha kwamba mmea uliofika salama haukupi chini ya majani 6. Magic secateurs, mikasi ya shambani inayopatikana kwenye kazi ya Fairytale I, zinaongeza mavuno kwa asilimia 10 hata zikiwa mkobani tu. Ukivumilia hadithi ya My Arm, yule jitu mkulima, unapata shamba la Troll Stronghold na baadaye la Weiss, ambako ugonjwa haufiki kabisa. Mbegu ya bei kubwa ipande huko kwanza.

Sasa kosa ambalo karibu kila mkulima hulifanya, na mdogo wangu alilisema kwa fahari: "Nikilima mwenyewe, dawa zangu zitakuwa za bure." Hapana. Jani lililo mkononi mwako lina bei ile ile ya sokoni. Ukichanganya ranarr yako wakati ungeweza kuiuza, umelipa bei ya ranarr. Shamba lina faida, naam, lakini faida hiyo imeshaingia siku ya kuvuna. Kuchanganya ni matumizi, hata kama jani ni lako. Kwa hiyo mimi huuza ranarr yangu yote, kisha nanunua viungo vya dawa yoyote ambayo siku hiyo ina XP ya bei ndogo zaidi. Mara nyingine ni hiyo hiyo Prayer potion. Mara nyingi sivyo.

Anayetofautiana na hili ni Ironman, mchezaji aliyechagua kutofanya biashara na mtu yeyote. Kwake soko halipo, jani ni jani, na kila mbegu ya ranarr aliyomwibia Master Farmer wa Draynor ni dawa ya sala atakayoinywa mwenyewe.

Aldarin

Mastering Mixology ililetwa Septemba 2024 pamoja na sehemu ya pili ya nchi ya Varlamore. Unatakiwa uwe na leveli ya 60 na umemaliza Children of the Sun. Majani yanasagwa kuwa rojo za aina tatu, mox, aga na lye, kisha unazichanganya kulingana na oda zilizoko ubaoni, unapeleka kwenye mtambo unaotakiwa na kukabidhi. Hakuna kiungo cha pili, na majani duni kama guam na tarromin, ambayo mtu wa leveli ya 60 hana kazi nayo, hutoa mox. Hilo peke yake limewafanya Ironman wapakimbilie.

Kwa mchezaji wa kawaida mizani ni tofauti. XP ya saa moja haifikii ya kuchanganya karibu na benki, na dawa unazotengeneza haziuzwi. Unachofuata ni zawadi: miwani inayookoa kiungo cha pili mara kwa mara, amuleti bora kuliko ile ya Chemistry, mfuko wa kubebea viungo. Anayepanga kufika 99 akazichukue mapema, akiwa leveli ya 60 na kitu, ili zimfanyie kazi kwenye makumi ya maelfu ya chupa zilizobaki. Anayetaka kusimama leveli ya 78 kwa ajili ya masharti fulani, asijisumbue.

Na mitambo mitatu ya pale inataka vidole. Mmoja unabofya mfululizo, mingine unabofya kwa wakati wake. Kwa simu yenye mtandao mzuri inafurahisha kweli, ndiyo sehemu ya Herblore pekee ambapo unahisi uko maabara. Kwa mtandao wangu wa jioni, huwa naiahirisha hadi alfajiri.

Nilichompangia

Milioni zake 4 hazitoshi kununua leveli kwa fujo, lakini zinatosha kuanza. Nilimwambia anunue mbegu za ranarr na ultracompost kwa milioni moja, azungushe mashamba asubuhi, mchana na usiku. Milioni mbili zizunguke kwenye kusafisha na kugawanya dozi, kwa majani manne tofauti. Milioni iliyobaki ni ya Prayer potion atakapofika 38, amuleti shingoni.

Sarafu hizi zina kazi moja ya maana nje ya leveli. Herblore ni ya wanachama wanaolipia, na bondi inayonunuliwa kwa sarafu kwenye Grand Exchange hukupa siku 14 za uanachama bila kadi ya benki wala dola. Bei yake hubadilika, katika miaka ya karibuni imekuwa juu ya milioni 10. Kuuza sarafu kwa pesa halisi Jagex, wenye gemu, wameharamisha, na wanafunga akaunti, kwa hiyo bondi ndiyo njia halali ya shamba lako kujilipia ada.

Uanachama wake unaisha tarehe 19. Siku mbili kabla, auze kila jani na kila chupa, awe na bondi mkononi au asiwe nayo, kwa sababu ukirudi kwenye dunia za bure bidhaa za wanachama haziuziki, na mtaji wote utalala benki mpaka atakapolipia tena.